Redio Moja, Spika Tano: Siasa ya Kusikiliza

Sabufa yenye spika tano imekuwa pambo la sebule nyingi, Sumbawanga kama Dar es Salaam. Tatu hukaa mbele, mbili nyuma, besi chini, ili muziki umzunguke msikilizaji.

Nusu karne iliyopita mpangilio ulikuwa kinyume: watu ndio walioizunguka redio. Katika vijiji vya Ufipa, ambako nguzo za umeme zilichelewa mno kufika, redio ya betri yenye spika moja ilisikilizwa na mwenye nyumba pamoja na majirani zake. Serikali iliitambua nguvu hiyo. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchini katika vikundi. Walisikiliza kipindi cha Redio Tanzania, wakakijadili, kisha wakaamua kazi ya kufanya: kuchimba vyoo, kusafisha visima.

Tusiipambe historia. Redio Tanzania ilikuwa sauti ya dola, na Tanzania Bara haikuwa na kituo binafsi hadi miaka ya 1990. Hata hivyo, sauti hiyo ya upande mmoja ilikutana na mjadala wa kikundi. Leo vituo ni vingi na spika ni nyingi, ila kila sebule husikiliza peke yake.

Mtumishi wa umma anayedhani kwamba tangazo likisikika limekwisha kueleweka na airejee 1973. Vyoo vilichimbwa na watu waliokaa pamoja wakaulizana.