Fidia ya majeruhi: Yaliyojiri Doldol na jinsi ya kudai haki

Mnamo Julai 2002, Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kuwalipa watu 228 kutoka jamii za Wamaasai na Wasamburu jumla ya pauni milioni 4.5. Baadhi yao walikuwa wamepoteza mikono, miguu au macho. Wengine walikuwa wamefiwa na watoto au jamaa. Wote walidai kwamba chanzo kilikuwa kimoja, yaani mabomu na risasi kubwa zilizoachwa bila kulipuka katika nyanja za mazoezi ya kijeshi karibu na Doldol, Laikipia, na Archers Post, Samburu.

Malipo hayo, yaliyokaribia shilingi milioni 550 kwa viwango vya wakati huo, yanakumbukwa hadi leo katika eneo la Mukogodo. Lakini kinachozungumzwa zaidi ni kiasi cha fedha kuliko jinsi kilivyopatikana. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa anayegongwa na matatu barabara ya Nyeri-Nanyuki, anayekanyagwa na ndovu akienda kuteka maji, na anayekatwa kidole na mashine katika shamba la maua hupitia njia ile ile waliyopitia wafugaji wa Doldol, na wengi hukwama mahali pale pale.

Wanajeshi wa Uingereza wamekuwa wakifanya mazoezi katika sehemu hiyo ya nchi kwa miongo mingi, kabla na baada ya uhuru. Nyanja zao hazikuwa na ua. Mazoezi yakiisha, wafugaji walirudi na mifugo yao katika malisho yale yale, na wachungaji wengi walikuwa watoto. Mtoto huona chuma kinachong'aa kwenye nyasi, akakiokota, akakigonga kwa jiwe. Katika madai yaliyofikishwa Uingereza, watoto wa aina hiyo walikuwa wengi.

Kwa miaka mingi mikasa hiyo ilichukuliwa kuwa ajali tu, au majaliwa. Aliyeumia alipelekwa hospitalini, familia ikauza mbuzi kulipa gharama, na mambo yakaishia hapo. Hali ilibadilika shirika la kijamii la OSILIGI, lililoundwa na Wamaasai wa Laikipia, lilipoanza kuwatafuta majeruhi manyatta kwa manyatta na kuyaandika majina yao. Baadaye likaungana na wakili Martyn Day wa London, ambaye ofisi yake ndiyo iliyokuja kuwawakilisha wazee wa Mau Mau. Wazee hao, 5,228 kwa jumla, walikubaliwa malipo ya pauni milioni 19.9 mwezi Juni 2013.

Hoja ya mawakili wa Doldol ilikuwa nyepesi kueleza. Anayemiliki au kutumia mahali ana wajibu wa kuhakikisha kwamba wale wanaotarajiwa kupita hapo hawadhuriki. Jeshi lilijua kwamba wafugaji hurudi, na lilijua kwamba si kila bomu hulipuka. Kwa hivyo lilipaswa kukusanya mabaki, kuweka alama na kuwaonya wenyeji kwa lugha wanayoielewa. Sheria ya Kenya kuhusu wajibu wa mwenye mahali, Sura ya 34, inakwenda mbali zaidi na kusema kwamba mwenye mahali hana budi kutarajia kuwa watoto hawatakuwa waangalifu kama watu wazima. Utetezi wa "mtoto alijitakia mwenyewe" hauna nguvu kubwa mbele ya kifungu hicho.

Ugumu ulikuwa katika kuthibitisha. Waingereza walijibu kwamba wanajeshi wengine pia, wakiwemo wa Kenya, walitumia nyanja hizo. Ni nani basi angeonyesha kwamba bomu lililomkata mchungaji mkono lilikuwa la Uingereza wala si la mwingine? Ilibidi kukusanya tarehe za mazoezi, rekodi za hospitali na maelezo ya mashahidi, kisha kuyalinganisha. Hatimaye wizara ilikubali kubeba lawama kwa kiasi fulani tu, na mapatano yakafikiwa nje ya mahakama. Ikumbukwe kwamba hakuna jaji aliyewahi kuamua kesi hiyo. Wanaoitaja kama hukumu iliyoweka sheria wanakosea.

Fedha hazikugawanywa sawasawa. Ukizigawa pauni milioni 4.5 kwa watu 228 unapata wastani wa karibu pauni 19,700, lakini wastani huo haumhusu mtu yeyote hasa. Aliyepoteza viungo akiwa na umri wa miaka 10 na ana maisha marefu mbele yake alistahili zaidi kuliko aliyepata kovu. Hivyo ndivyo fidia inavyokadiriwa pia katika mahakama za Kenya. Kuna kiasi cha maumivu na mateso, kiasi cha kipato kitakachopotea, na kiasi cha gharama ambazo mtu amekwisha kuingia. Hizo za mwisho hutakiwa kutajwa waziwazi katika madai na kuthibitishwa kwa risiti. Asiye na risiti ya dawa, ya eksirei au ya gari lililompeleka hospitalini huenda akashinda kesi na bado asirudishiwe fedha hizo.

Mfugaji asiye na hati ya mshahara hapaswi kukata tamaa, hata hivyo. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ilikataa hoja kwamba kipato huthibitishwa kwa karatasi pekee, kwa kuwa kufanya hivyo kungewanyima haki Wakenya wengi wanaojipatia riziki bila kuandika hesabu. Ushahidi wa majirani, wa mnunuzi wa mifugo au wa chifu unaweza kusikizwa.

Kwa upande wa jeraha lenyewe, mambo ni tofauti. Hapo karatasi ndiyo kila kitu. Majeruhi, au jamaa yake, anapaswa kuripoti katika kituo cha polisi mapema iwezekanavyo na kuondoka na nambari ya OB. Katika ajali ya barabarani au shambulio, polisi humpa fomu ya P3, ambayo yenyewe hutolewa bila malipo, ili ijazwe na daktari. Kadi ya matibabu na barua ya kuruhusiwa kutoka hospitalini zisitupwe. Zahanati ndogo huchoma au hupoteza madaftari yao ya zamani, na aliyetibiwa miaka mitano iliyopita anaweza kukuta hakuna alama yoyote kwamba aliwahi kulazwa. Katika familia za wahamaji, nakala ya pili iachwe kwa mwalimu, kasisi au duka la jamaa mjini.

Uaminifu wa karatasi hizo nao una uzito wake. Mwaka 2003, baada ya malipo ya mabomu, wanawake wengi wa Laikipia na Samburu walijitokeza na kudai kwamba walibakwa na wanajeshi wa Uingereza kwa muda wa miaka mingi. Madai yalizidi 2,000. Shirika la Amnesty International lilitoa ripoti mwaka huo huo likilaumu miongo ya kutoadhibiwa kwa wahusika. Polisi wa kijeshi wa Uingereza walichunguza, na mwishoni mwa 2006 wakafunga faili bila kumshtaki mtu, wakisema kwamba sehemu ya kumbukumbu walizoonyeshwa ilionekana kughushiwa. Wanawake hao na watetezi wao walipinga matokeo hayo vikali, na kufungwa kwa faili si uthibitisho kwamba hakuna aliyedhulumiwa. Lakini mwanamke aliyekuwa akisema kweli aliumizwa mara ya pili na yeyote aliyeongeza jina la uongo kwenye daftari.

Jambo jingine ni muda, na hapa ndipo haki nyingi hufia. Chini ya Sura ya 22 ya sheria za Kenya, anayedai fidia ya jeraha lililotokana na uzembe wa mtu au kampuni ana miaka 3 ya kufungua kesi. Akiidai serikali, ana miezi 12 tu. Mahakama inaweza kumwongezea muda aliyechelewa kwa kuwa hakujua ukweli muhimu wa tukio, kwa mfano maradhi yaliyojitokeza baadaye. Haimwongezei yule aliyejua kila kitu ila hakujua sheria.

Wafugaji wa Doldol walinufaika kwa kudai Uingereza. Huko nako muda ni miaka 3, lakini kwa mtoto hesabu huanza anapotimiza umri wa miaka 18, na jaji ana uwezo mpana wa kumsamehe aliyechelewa. Mzazi wa Kenya asitegemee ulegevu huo. Mtoto anaweza kushtaki kupitia mzazi au mlezi tangu siku ya kwanza, na ni afadhali afanye hivyo.

Si kila jeraha huanzia mahakamani. Anayeumia kazini, awe mchungaji wa ranchi au mfanyakazi wa shamba la maua, hulindwa na sheria ya fidia ya wafanyakazi ya mwaka 2007. Mwajiri anatakiwa kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na madai yawasilishwe katika miezi 12. Mnamo Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliunga mkono utaratibu huo. Anayekimbilia kwa hakimu moja kwa moja hurudishwa.

Anayejeruhiwa na mnyama wa porini huenda kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na madai yake husikizwa na kamati ya kaunti. Sheria ya mwaka 2013 ilipandisha fidia ya kifo kutoka shilingi 200,000 hadi milioni 5. Ulemavu wa kudumu ni milioni 3, na majeraha mengine hadi milioni 2. Laikipia ni miongoni mwa kaunti zinazosumbuliwa sana na ndovu, na malalamiko kwamba malipo huchukua miaka ni ya kweli.

Kuhusu magari, bima ya lazima hulipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kampuni ya bima lazima ipewe ilani kabla ya kesi kufunguliwa au katika siku 14 baada ya hapo, la sivyo inaweza kukwepa kulipa. Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, Mahakama ya Madai Madogo iliyoanza kazi mwaka 2021 inaruhusu mtu kujitetea bila wakili. Kwa kuwa majaji wametofautiana kuhusu ni majeraha gani inayoweza kuyasikiza, ni busara kumuuliza karani kwanza.

Kisha kuna madalali. Hawa huzunguka wodini na vituoni wakiahidi kufuatilia kila kitu, wakamtia majeruhi sahihi au alama ya kidole gumba, na baadaye fedha zinapotoka hajui zimeenda wapi. Sheria ya mawakili ya Kenya haitambui mapatano ambapo wakili atalipwa iwapo tu kesi itashinda. Kwa hivyo anayeambiwa "nitachukua theluthi ya kitakachopatikana" ana haki ya kukataa na kuomba ada iandikwe. Analalamikia wapi? Kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, ambayo hupokea malalamiko kutoka kwa yeyote.

Moto uliozuka Machi 2021 katika hifadhi ya Lolldaiga, kati ya Nanyuki na nchi ya Mukogodo, wakati wa mazoezi ya wanajeshi wa Uingereza, uliyarudisha mambo haya yote mezani. Zaidi ya ekari 10,000 ziliteketea. Wakazi walishtaki safari hii nchini Kenya, wakilalamikia moshi, afya na mali. Uingereza ilidai kinga, lakini Machi 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Nanyuki iliamua kwamba ina mamlaka ya kusikiza kesi hiyo. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2025, ikajulikana kwamba walalamishi 7,723 watalipwa pauni milioni 2.9.

Mgawo wa wastani hapo ni karibu pauni 375, kama shilingi 65,000, na baadhi ya walalamishi walisema wazi kwamba ni kidogo. Tofauti na mwaka 2002 ni kubwa, na haielezwi na ukubwa wa madhara pekee. Kuonyesha mkono uliokatwa ni rahisi kuliko kuonyesha kwamba kikohozi cha mtu mmoja kati ya maelfu kilitokana na moshi wa siku fulani. Waliokwenda zahanati wiki ile ya moto na kuandikishwa walikuwa na cha kuonyesha.

Vilipuzi navyo havijaisha. Baada ya mapatano ya 2002, wanajeshi wa Uingereza walisafisha sehemu za nyanja hizo, lakini mwaka 2015 mvulana mchungaji karibu na Archers Post alipoteza mikono yote miwili na jicho moja. Chuma kisichojulikana kinapoonekana malishoni kisiguswe wala kurushiwa mawe. Mahali pawekewe alama kwa mbali, mifugo iondolewe, na chifu au kituo cha polisi kiarifiwe. Anayetoa ripoti achukue nambari ya OB hata kama hakuna aliyeumia. Mtu akija kujeruhiwa mahali hapo siku za usoni, ripoti hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba wenye wajibu walijua.