Batman: sura zake nyingi na mapenzi ya mashabiki

Batman ni shujaa wa katuni za Marekani aliyeonekana kwa mara ya kwanza katika toleo la 27 la jarida la Detective Comics, lenye tarehe ya Mei 1939. Alibuniwa na mchoraji Bob Kane pamoja na mwandishi Bill Finger, ingawa jina la Finger lilianza kutajwa rasmi mwaka 2015, miaka 41 baada ya kifo chake. Kisa cha msingi hakijabadilika sana: Bruce Wayne, mtoto wa tajiri katika jiji la kubuni la Gotham, anawaona wazazi wake wakipigwa risasi na jambazi, naye anaapa kupambana na uhalifu maisha yake yote. Anayebadilika ni Batman mwenyewe. Amepita katika mikono mingi ya waandishi, wachoraji, waongozaji na waigizaji, na kila mmoja amemwachia tabia fulani. Ndiyo maana mashabiki wakikutana huulizana kwanza: wako ni yupi?

Anayekwenda kutafuta sura ya asili ili amalize ubishi hatafika mbali. Batman wa mwanzo aliua. Mwaka 1939 aliwamaliza wanyonya damu kwa risasi za fedha, na katika toleo la kwanza la jarida la Batman, mwaka 1940, alifyatua bunduki ya rashasha kutoka kwenye ndege yake. Mhariri Whitney Ellsworth ndiye aliyepiga marufuku bunduki na mauaji. Kwa hiyo mwiko wa kutoua, ambao leo mashabiki wengi wanauona kuwa uti wa mgongo wa mhusika huyu, ulitoka kwenye meza ya mhariri baada ya hadithi kuanza. Lakini uliota mizizi, na waandishi waliokuja baadaye walipata ndani yake swali la kuandikia miaka na miaka: mtu mwenye hasira kiasi hiki anajizuiaje?

Tamthilia ya televisheni ya mwigizaji Adam West, iliyorushwa na ABC kuanzia Januari 1966 hadi Machi 1968 kwa vipindi 120, haikujishughulisha na swali hilo. Ilikuwa na rangi kali, vichekesho, na maandishi makubwa yaliyojaa kwenye kioo kila ngumi ilipotua. Watoto waliipenda mno. Wasomaji wa majarida walikasirika, kwa kuwa nchi nzima sasa ilimcheka shujaa wao. Mmoja wa vijana walioumia alikuwa Michael Uslan. Mwaka 1979 yeye na mwenzake Benjamin Melniker walinunua haki za kutengeneza filamu ya Batman, wakahangaika miaka 10 hadi ikatoka.

Kwenye majarida, marekebisho yalianza mapema zaidi. Msaidizi wake Robin alipelekwa chuo kikuu mwishoni mwa 1969, na tangu Januari 1970 mwandishi Dennis O'Neil na mchoraji Neal Adams wakamrudisha Batman usiku, akiwa mpelelezi mpweke mwenye joho refu linalomeza nusu ya ukurasa. Wasomaji wa umri fulani hawajui mwingine. Kisha mwaka 1986 Frank Miller akaja na The Dark Knight Returns, ambamo Batman ni mzee wa miaka 55 aliyejaa uchungu. Kitabu hicho hutajwa sana na wanaotaka Batman katili, lakini wengi wao husahau kwamba hata humo, akiwa ameishika shingo ya adui yake Joker, anasita kumaliza kazi; Joker anajivunja shingo mwenyewe.

Nguvu ya mashabiki ilipimwa kwa hesabu mwaka 1988. Robin wa pili, Jason Todd, hakupendwa na wengi, basi wahariri wakatoa namba mbili za simu: moja ya kumwokoa, nyingine ya kumuua. Kura 5,343 zilitaka afe, 5,271 aishi. Tofauti ni kura 72. Toleo lililofuata likamwonyesha Batman akiwa ameubeba mwili wa kijana huyo kutoka kwenye kifusi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo wasomaji walipojifunza kwamba kupenda sura moja ya mhusika kunaweza kuwa na gharama, maana kifo hicho kilimwandama Batman katika hadithi nyingi zilizofuata, hata baada ya Jason kurudishwa hai mwaka 2005.

Mwaka huohuo wa 1988 zilimiminika barua za kumpinga Michael Keaton, mwigizaji aliyejulikana kwa vichekesho na aliyechaguliwa kuwa Batman katika filamu ya Uslan, zinazokadiriwa kufika 50,000. Filamu hiyo, iliyoongozwa na Tim Burton, ilipotoka Juni 1989, upinzani mwingi uliyeyuka. Leo Keaton ni kipenzi cha waliokuwa watoto wakati ule.

Hata hivyo sura inayokubaliwa na mashabiki wengi kuliko zote, wasomaji na watazamaji kwa pamoja, ilitoka kwenye vibonzo vya watoto. Batman: The Animated Series ilianza Septemba 1992 chini ya Bruce Timm na Eric Radomski. Haikuuchagua upande mmoja wa ubishi. Ilichukua giza la O'Neil na majengo mazito ya Burton, na hata Adam West ikampa heshima yake: katika kipindi kimoja aliigiza sauti ya mwigizaji mzee aliyesahauliwa, ambaye Bruce alimhusudu utotoni. Katika kipindi kingine, mwandishi Paul Dini alimchukua Mr. Freeze, adui asiye na uzito wowote, akampa mke mgonjwa aliyegandishwa ili asife. Mwisho wa kipindi hicho, Freeze anakaa kwenye seli akitazama tufe la kioo lenye mcheza dansi mdogo na theluji inayoanguka. Majarida yenyewe yakakichukua kisa hicho.

Sauti ya Batman ilikuwa ya Kevin Conroy. Alitumia sauti mbili: nyepesi na ya uchangamfu kwa Bruce, nzito na tulivu kwa Batman, na msikilizaji anatambua kwamba ile ya Bruce ndiyo kinyago. Aliiendeleza katika vibonzo na michezo ya video, ukiwemo Arkham Asylum wa 2009, hadi alipofariki Novemba 2022. Mashabiki wengi wakisoma jarida, maneno ya Batman huyasikia kwa sauti yake.

Conroy ndiye pia aliye katika tukio la vibonzo la mwaka 2005 ambalo hutajwa kila ubishi unapopamba moto. Msichana aitwaye Ace, mwenye uwezo wa kugeuza dunia kwa mawazo, anakaribia kufa, na kifo chake kinaweza kuwaangamiza wengi. Batman anapewa silaha ya kumuua. Anamkuta kwenye bembea. Ace, ambaye husoma mawazo, anajua kwamba hakukusudia kuitumia. Anamwomba abaki naye kwa kuwa anaogopa. Batman anakaa kwenye bembea ya pili, anamshika mkono, na anangoja hadi mwisho.

Kwa walioguswa na tukio hilo, Batman wa Ben Affleck katika filamu ya Zack Snyder ya 2016, anayewachoma wahalifu chapa na kuyalipua magari yakiwa na watu ndani, alikuwa mgeni kabisa. Watetezi wake wanasema huyo ni mtu aliyepoteza njia. Ni hoja halali, ila filamu hiyo ilitoa nafasi ndogo mno ya kumwonyesha akiwa kwenye njia kabla hajaipoteza. Matt Reeves, katika filamu ya 2022, alimwanzisha Robert Pattinson kama kijana anayejiita kisasi. Mwishoni jiji limejaa maji, na yeye anatembea mbele ya wahanga gizani akiwa ameinua mwenge mwekundu, huku watoto na wazee wakimfuata.