Waraka uliochelewa miaka 67

Mwaka 2011 mwandishi wa habari Mwingereza, Barnaby Phillips, aliingia katika kijiji kimoja cha Arakan, magharibi mwa Burma, akiwa na barua na picha. Barua hiyo iliandikwa Lagos, Nigeria, na mzee aliyekuwa amevuka miaka themanini, Isaac Fadoyebo. Aliyekusudiwa ni mwanakijiji aliyeitwa Shuyiman. Mwandikaji na mwandikiwa walikuwa wameachana mwishoni mwa mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wala hakuna aliyepata tena habari za mwenzake.

Kisa chao kinaanzia kwenye hospitali ya jeshi. Isaac alikuwa kijana wa kijiji cha Emure-Ile, katika nchi ya Wayoruba. Januari 1942, akiwa na miaka 16, alikwenda Abeokuta akajiandikisha jeshini bila kuwauliza wazazi wake. Kwa kuwa alikuwa amesoma, hakukabidhiwa bunduki ya mstari wa mbele. Alifundishwa udresa: kusafisha vidonda, kufunga bendeji, kunyanyua machela. Akapelekwa Burma na Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi, kwenye kituo nambari 29 cha kupokea majeruhi.

Kituo cha namna hiyo ni hospitali inayohama. Majeruhi hupokewa wakitokwa damu, hutibiwa kadiri inavyowezekana, kisha husafirishwa nyuma kwenye hospitali kubwa. Katika bonde la mto Kaladan hapakuwa na barabara ya maana. Vyakula na dawa vilidondoshwa kwa ndege, na mizigo ilibebwa vichwani na wapagazi.

Katika vita vile, askari mwenye elimu alikuwa na kazi ya pili isiyoandikwa popote. Waafrika wengi waliopelekwa Burma hawakujua kusoma wala kuandika. Aliyejua kalamu aliandika barua za wenzake.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua safari ya barua hizo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yaani askari wa KAR (King's African Rifles) ambao watu walizoea kuwaita Keya, ilipigana huko Burma mwaka 1944 katika bonde la Kabaw. Masika yalikuwa makali, malaria na kuhara viliwalaza wengi, na tarehe 2 Desemba 1944 wakaingia Kalewa. Barua ya askari aliyelala wodini ilianza kwa kutamkwa, mwingine akiandika. Kisha ikapita mikononi mwa afisa aliyekagua kila mstari, maana ilikuwa marufuku kutaja mahali walipo. Ikavuka bahari hadi bomani au misheni, na huko mwalimu au karani akaisoma kwa sauti, mke na wakwe wakisikiliza. Watu wanne au watano walikuwa wameipitia kabla mwenyewe hajaisikia.

Ndiyo maana barua za zama zile zilijaa mambo yanayoweza kusemwa mbele ya watu: ng'ombe wangapi wamezaa, mahari imefikia wapi, shamba la bondeni linalimwa na nani. Aliyeandika kwamba hajambo, wasiwasi ni kwa walio nyumbani, hakuwa akipoteza wino. Kwa mama aliyesikia tu kwamba mwanawe yuko ng'ambo, neno "sijambo" lilikuwa ndilo habari yenyewe.

Na bahari yenyewe haikuwa ya kuaminika. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa ikielekea Colombo. Ilibeba askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi wa kike waliokuwa wakienda kuhudumia majeruhi wa vita hivyo. Tarehe 12 Februari nyambizi ya Kijapani iliizamisha karibu na visiwa vya Maldivi. Watu 1,297 walikufa, na nyumba nyingi zilingoja barua isiyokuja.

Nyumba ya Fadoyebo nayo ilikuwa karibu kuingia katika kungoja huko. Tarehe 2 Machi 1944, asubuhi, kundi la hospitali yake likiwa kando ya Kaladan, Wajapani waliwamiminia risasi kutoka ng'ambo ya pili. Isaac alipigwa mguuni na tumboni. Wenzake kadhaa walikufa papo hapo. Yeye na sajini David Kargbo wa Sierra Leone walibaki wamelala majanini, na dresa aliyezoea kufunga vidonda vya watu sasa hana wa kumfunga chake.

Waliookoa maisha yao ni wanakijiji Waislamu wa eneo hilo. Waliwaletea chakula kichakani, na baadaye Shuyiman akawachukua nyumbani kwake, alikoishi na mke na watoto. Wajapani wangewagundua, familia nzima ingekwisha. Aliwaficha hadi Desemba, jeshi la Waingereza liliporudi na askari wa Kigurkha wakawakuta. Kwa miezi tisa Emure-Ile hawakupata hata mstari mmoja kutoka kwake.

Isaac alirudi nyumbani mwaka 1945 akichechemea. Alifanya kazi serikalini Lagos, akaoa, akalea watoto, na baadaye akaandika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1999. Lakini deni moja lilibaki. Wazazi wake hatimaye walimwona kwa macho. Ila familia iliyomficha haikujua kama aliishi au alikufa njiani, naye hakuwa na anwani ya kuwaandikia.

Phillips alipofika kijijini, Shuyiman alikuwa amekwisha kufariki. Barua ikakabidhiwa kwa wazao wake, wakatafsiriwa shukrani za mgeni wa baba yao. Kisa cha Waafrika wawili waliofichwa hakikuwa kigeni kwao, walikuwa wamesimuliwa. Phillips akarudi Lagos kumweleza mzee kwamba salamu zimefika. Mwaka uliofuata, 2012, Isaac Fadoyebo alifariki.

Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Huku kwetu nyaraka za namna hii bado zimo katika masanduku ya bati ya mabibi, zimekunjwa mara nne, karatasi imegeuka rangi ya chai. Askari wa Keya walioziandika karibu wote wametangulia, na waliozisoma kwa sauti pia. Ukizikuta, usizichome pamoja na takataka za matanga. Zisome kwanza, uone zilikuwa zikimjulia hali nani, na kama kuna salamu humo ambayo haijafikishwa.