Ujazaji upya wa risasi za bastola

Ujazaji upya wa risasi ni kazi ya kulirudishia ganda lililokwisha kupigwa vitu vitatu lilivyopoteza, yaani fataki inayowasha baruti, baruti yenyewe na kichwa, ili lipigwe tena. Kwa kuwa Kiswahili huita risasi kichwa chenyewe, kitu kizima chenye ganda lake na hata metali ya kukitengenezea kichwa, katika makala hii "risasi" ni kitu kizima na "kichwa" ni kile kinachotoka mtutuni. Kazi hii imeenea sana Marekani, ambako walenga shabaha huifanya nyumbani, gerejini au kwenye meza ya pembeni, na sababu wanayoitaja kwanza ni bei. Sababu hiyo ina ukweli, ila ukweli wake hupanda na kushuka kulingana na bastola.

Chanzo cha nafuu yote ni ganda. Limetengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, na mara nyingi ndilo sehemu ghali kuliko zote katika risasi ya kiwandani; nalo ndilo pekee linalobaki baada ya mlio. Wawindaji wa nyati katika mbuga za Marekani miaka ya 1870 walilijua hilo, wakatembea na vifaa vya kujazia maganda yao kambini. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal huko Connecticut, iliyouza koleo la mkononi la kufanyia kazi hiyo. Lyman iliinunua mwaka 1925. Mwaka 1958 Richard Lee wa Wisconsin alitoa kifaa cha bei ndogo kilichotumia nyundo badala ya mashine, na watu wengi wasio na nafasi wala fedha wakaingia. Baadaye Dillon ya Arizona iliwapa washindani wa bastola mashine inayotoa risasi moja kamili kila mkono wake unaposhushwa.

Si kila ganda linafaa. Edward Boxer, ofisa Mwingereza, alibuni fataki ambayo ganda lake lina tundu moja katikati; pini huingia humo na kuisukuma fataki kuukuu nje. Hiram Berdan, Mmarekani, alibuni ganda lenye matundu mawili pembeni, na pini hiyo haina pa kupita. Historia ikawachezea wote wawili: fataki ya Mwingereza ilishika Marekani, ya Mmarekani ikatawala majeshi mengi ya Ulaya. Maganda ya alumini na ya chuma kwa kawaida huachwa chini yalipoangukia.

Namna ya kazi

Ganda lililookotwa kiwanjani huwa jeusi mdomoni. Kwanza husafishwa ndani ya pipa dogo linalotikisika, likiwa limechanganywa na magunzi ya mahindi yaliyosagwa au maganda ya jozi. Kisha huwekwa kwenye mashine na mkono kushushwa: dai, yaani kalibu ya chuma, hulibana lirudie unene wake wa awali, na fataki kuukuu, kitu kidogo kama dengu, hudondoka kwenye kikombe. Dai za bastola za siku hizi zina pete ya kabaidi, hivyo ganda halihitaji kupakwa mafuta, na hapo bastola inaishinda bunduki ndefu kwa wepesi wa kazi. Fataki mpya huingizwa, mdomo wa ganda hupanuliwa kidogo, baruti hupimwa na kumiminwa, kichwa hukalishwa, mdomo hubanwa. Mashine ya hatua moja humpa mtu risasi 50 hadi 100 kwa saa. Ile ya hatua nyingi humpa mia kadhaa.

Hesabu

Baruti hupimwa kwa greni, na ratili moja ina greni 7,000. Tuchukue bei zilizokuwa za kawaida Marekani muda mfupi kabla ya 2020: ratili ya baruti dola 25, fataki elfu moja dola 30. Risasi ya milimita 9 ikila greni 5, ratili hutoa risasi 1,400, yaani chini kidogo ya senti 2 kila moja. Fataki ni senti 3, kichwa senti 8, ganda la kuokota halina bei. Jumla ni senti 13. Dukani risasi hiyo iliuzwa senti 18 hivi, kwa hiyo nafuu ni senti 5. (Greni hizi ni za hesabu ya fedha tu, kipimo cha kujazia hutoka katika kitabu cha mtengenezaji wa baruti.)

Sasa .44 Magnum, risasi iliyotokea mwaka 1955 na kupata jina kwa rivolva ya Smith & Wesson. Hii hula baruti nyingi, tuseme greni 20, yaani senti 7. Fataki senti 3. Kichwa kizito senti 15. Jumla senti 25. Dukani, senti 70 au zaidi. Nafuu ni senti 45, mara tisa ya ile ya kwanza. Mtu aliyenunua vifaa vya dola 600 atavirudisha baada ya risasi 12,000 za milimita 9, lakini kwa .44 ni takribani 1,330. Viwanda hutengeneza milimita 9 kwa wingi mno hata faida ya mtu wa nyumbani ikakonda; .44 Magnum, .45 Colt na jamaa zao wenye wanunuzi wachache ndipo meza inapojilipa.

Rivolva ina jambo jingine: hutema maganda yake mkononi mwa mwenyewe. Bastola inayojijaza huyarusha majanini, na kila ganda lisilopatikana linaondoka na nafuu yake. Ganda lililopigwa kwa msukumo mdogo, kama la .38 Special, hujazwa mara kumi na zaidi kabla mdomo haujapasuka.

Saa za mtu hazimo katika hesabu hii. Anayejaza risasi 100 kwa saa na kuokoa senti 5 kila moja amejilipa dola 5. Wajazaji wengi hukiri pia kwamba bajeti yao ya mwaka haikupungua hata senti: kilichobadilika ni idadi ya risasi walizopiga kwa fedha ile ile. Kwa mshindani huo si utani, kwani mazoezi ndiyo anayoyanunua.

Wanaotaka kushusha bei zaidi huyeyusha metali ya risasi na kumimina vichwa vyao kwenye kalibu. Zamani vizani vya magurudumu ya magari, vilivyotengenezwa kwa metali hiyo, vilipatikana bure kwa mafundi wa matairi. Majimbo kadhaa, California ikiwemo, yamepiga marufuku vizani vya metali hiyo. Metali hiyo ni sumu, na vumbi la pipa la kusafishia maganda nalo linayo.

Kitu kimoja hakitengenezeki nyumbani kwa njia ya maana: fataki. Uhaba wa 2013, na zaidi ule ulioanza 2020, ulilionyesha hilo waziwazi. Fataki za senti 3 ziliuzwa mkononi kwa senti 10 na kuendelea. Waliokuwa na akiba waliendelea kupiga huku risasi za milimita 9 zikivuka senti 70 dukani. Waliodhani watanunua mashine na kuanza papo hapo walibaki na mashine.

Hasara kubwa zaidi hutoka kwenye kosa la kipimo. Baruti ya bastola ni kidogo ndani ya ganda, kiasi kwamba vipimo viwili huweza kuingia bila kumwagika, na bastola ikapasuka. Baruti ikikosekana kabisa, fataki peke yake hukisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu kikakwama, na risasi inayofuata hukikuta hapo. Ndiyo maana mjazaji makini humulika taa ndani ya kila ganda kabla ya kukalisha kichwa. Watengenezaji wengi wa bastola hukataa dhamana kwa silaha iliyoharibiwa na risasi za kujazwa.

Sheria ya shirikisho ya Marekani haimdai leseni anayejaza kwa matumizi yake. Anayejaza ili auze huhesabiwa mtengenezaji na lazima awe nayo. Kenya na Tanzania hudhibiti utengenezaji wa risasi kwa leseni, na risasi za serikali hutengenezwa Eldoret na Morogoro. Mwenye gobore kijijini, anayeshindilia baruti na vipande vya chuma mtutuni kila anapotaka kupiga, hana ganda la kuokota.