Ukuta wa pamoja na siri za nyumba
Magofu ya Songo Mnara, wilayani Kilwa, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yana nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, baadhi zikipakana ukuta kwa ukuta. Ukuta mzito hautikisiki kwa urahisi, hivyo hupitisha sauti kidogo. Katika nyumba mpya zilizounganishwa mbili mbili, ukuta mwepesi wa mbao na jipsamu hutetemeka, na siri za ndani humfikia jirani. Tiba yake ni kuta mbili zisizogusana, zenye sufu ya madini katikati. Aidha, ukuta usiishie darini bali ufike kwenye paa, na kila upenyo uzibwe kabla ya kupaka rangi.