Anwani Moja, Watu Wengi: Tarehe Fupi ya Mawasiliano ya Nyanga na Jirani Zake

Katika mwezi wa Juni 1915, askari wa Kiingereza waliopakiwa melini Kisumu walivuka Ziwa Victoria, wakashuka pwani kaskazini ya Bukoba, na baada ya mapigano ya siku mbili wakautwaa mji. Wala hawakuja kuukalia, maana waliondoka upesi kama walivyokuja, bali walikuja hasa kuuvunja mnara wa simu ya upepo uliosimamishwa na Wajerumani. Mnara ukaangushwa, na magharibi ya ziwa ikarudi katika hali iliyoizoea, yaani kungoja meli. Habari hii naitanguliza kwa sababu yaonyesha jinsi mawasiliano ya nchi nzima yalivyoweza kutegemea kitu kimoja, ambacho kikipatwa na hujuma wanaodhurika ni wengi kuliko waliokusudiwa. Na jambo hilo, kwa sura nyingine isiyo na baruti, lingali likiwapata watu wa Nyanga, wa Bukoba na wa Muleba, huku kwetu Kagera, hata leo.

Meli za ziwa ndizo zilizokuwa tarishi wetu. Hata MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilizaliwa kwa jina la RMS Victoria, na herufi hizo tatu zilikuwa alama ya chombo kilichokabidhiwa dhamana ya barua za Posta ya Kifalme ya Uingereza. Walakini barua iliyoshushwa gatini Bukoba haikutafuta nyumba ya mtu, kwani nyumba za Nyanga zilizofichwa na migomba, kama zile za Kamachumu na Rubya, hazikuwa na namba wala mtaa. Ilitafuta sanduku la posta, na sanduku hilo aghalabu lilikuwa la parokia, la shule, la hospitali ya misheni, la chama cha wakulima wa kahawa, au la mfanyabiashara aliyeridhia majina ya jirani zake yaandikwe juu ya namba yake. Karani, au kijana aliyetumwa mjini, alifungua kijisanduku kwa ufunguo, akatia barua mfukoni, akapanda nazo kilima. Na Jumapili, watu walipotoka ibadani, majina yalisomwa kwa sauti mbele ya kanisa, mwenye jina akaitika, na asiyekuwapo barua yake ikapokelewa na shangazi au jirani aliyeijua njia ya kwake.

Katika ada hiyo mlikuwa na insafu ambayo thamani yake twaiona vizuri zaidi sasa. Sanduku moja lilihudumia mamia ya watu, na miongoni mwa mamia hao hapakukosa mdeni aliyekimbia deni wala mwongo aliyeandika barua za kuwalaghai watu wa Kampala. Lakini sijapata kusikia kwamba kwa ajili ya mtu mmoja wa namna hiyo posta ililifunga sanduku la parokia nzima. Juu ya bahasha palikuwa na jina, na nyuma ya sanduku alikuwapo mtu mwenye daftari na kumbukumbu, aliyeweza kusema kwa yakini huyu ndiye na huyu siye.

Intaneti nayo huhitaji anwani, yaani namba ya kuijulia kila mashine. Mnamo Septemba 1981, wataalamu wa Marekani walipoandika kanuni ambazo intaneti yaendeshwa kwazo mpaka leo, waliweka hesabu ya anwani ambayo kwa wakati ule ilionekana haina mwisho: 4,294,967,296. Ugawaji wake haukuwa na mizani. Chuo kimoja cha Massachusetts, MIT, kilipewa fungu la anwani zaidi ya milioni 16, na hiyo ni zawadi ya waliotangulia kufika mezani. Ilhali Afrika haikupata idara yake yenyewe ya kugawa anwani, AFRINIC iliyoko Mauritius, ila katika miaka ya 2004 na 2005. Ghala kuu la dunia liliisha Februari 2011, na tangu Januari 2020 kampuni ya Afrika inayoomba anwani hizo kwa AFRINIC haiwezi kupewa zaidi ya 1,024 kwa ombi moja. Nyaya za baharini zilikuwa zimekwisha kufika Dar es Salaam tangu 2009, simu za mkononi zilikuwa zimekwisha kuingia vijijini Kagera, na kampuni zenye wateja kwa mamilioni zikajikuta na anwani chache mno.

Dawa iliyopatikana ni ile ile ya parokia. Tangu 1994 ilikuwapo hila ya kuzificha mashine nyingi nyuma ya anwani moja. Makampuni ya simu yakaikuza, na Aprili 2012 likatengwa fungu maalumu la anwani za ndani, zile zinazoanzia 100.64 hadi 100.127, ili mteja apewe anwani ya ndani isiyojulikana nje, na mtambo wa kampuni umtoe duniani kwa anwani moja akishirikiana na mamia ya wateja wengine. Mchuuzi wa dagaa wa Kemondo, mwalimu wa Nyanga na mwanafunzi wa Muleba waweza kuwa watu wa anwani moja saa hii, pasipo yeyote kati yao kumjua mwenzake wala kuulizwa kama ameridhia. Kushirikiana kwenyewe si aibu, na wazee wetu walishirikiana karne nzima. Kilichokosekana ni karani wa kusoma majina.

Matokeo yake yalidhihirika mapema, na kwanza katika Ghuba, ambako Waswahili wengi wanaishi na kufanya kazi. Siku ya kuingia mwaka 2007, msimamizi wa Wikipedia aliyetaka kumzuia mharibifu mmoja aliifunga anwani yake, na kwa kuwa karibu mawasiliano yote ya Qatar yalipita katika anwani hiyo, nchi nzima ikanyimwa kwa saa kadhaa ruhusa ya kuhariri bila ya kujiandikisha. Mwaka 2013 ikawa kinyume chake: idara ya Australia isimamiayo makampuni iliagiza anwani ya seva izuiwe kwa sababu ya tovuti ya matapeli, na tovuti zipatazo 1,200 zilizopanga katika seva hiyo hiyo, mojawapo ikiwa ya Chuo Huria cha Melbourne, zikafungwa pamoja na mkosaji. Katika habari zote mbili hapakuwa na mtu mwenye nia mbaya miongoni mwa waliofunga. Walidhani anwani ni mtu.

Kwetu Kagera jambo hili huja kimyakimya. Mtu ana bando, mnara u karibu, picha za WhatsApp zinapita, lakini tovuti moja, aghalabu ya chuo cha ng'ambo au ya kuombea kazi, yamwambia amezuiwa, au yamtaka athibitishe kwamba si roboti kwa kuchagua picha za taa za barabarani, na akichagua yamtaka tena, na tena. Huanza kujituhumu, au kumtuhumu fundi wa simu. Na wengi hukimbilia VPN, ada iliyoenea zaidi tangu Uganda ilipofunga Facebook Januari 2021, na hapa kwetu pia mitandao ilipozuiwa siku za uchaguzi wa Oktoba 2020. Nao hawajui kwamba VPN ya bure mara nyingi ni anwani ya pamoja iliyo chafu zaidi, kwa sababu huko ndiko wanakopita waharibifu wa dunia nzima, na milango mingi imekwisha kufungwa kwa ajili yao.

Kwa hiyo lipo jambo la kupima kabla ya kulaumu. Anayezuiwa na aizime kwanza VPN. Kisha afungue tovuti ile ile kwa laini ya kampuni nyingine, au kwa simu ya jirani mwenye mtandao tofauti. Ikifunguka huko, tovuti ni nzima, na yaelekea simu yake pia, hivyo shaka iangukie anwani. Na aiweke simu katika hali ya ndege kwa dakika moja, halafu airudishe, kwani mara nyingi mtambo humtoa kwa anwani nyingine, na mlango uliokuwa umefungwa huwa wazi. Mwenye ruta nyumbani aweza kwenda mbele zaidi: alinganishe anwani ambayo ruta imepewa na kampuni na ile ambayo tovuti za kuonyesha anwani humwambia anayo; zikitofautiana, na ile ya ruta ikiwa ni ya fungu la 100.64, basi yumo katika sanduku la wengi. Na kama tovuti haifunguki kwa laini yoyote ya nchini ilhali jamaa aliyeko nje aifungua, hilo ni zuio la namna nyingine, na hila ya hali ya ndege haitafaa kitu.

Akimwandikia mwenye tovuti, asiseme tu kwamba amezuiwa. Ataje anwani ya nje, tarehe, saa na dakika. Wenye tovuti nao wana wajibu walioupuuza kwa muda mrefu: tangu Juni 2011 wataalamu wamewashauri waandike katika daftari zao, pamoja na anwani, namba ya mlango (port) ambamo kila mgeni alitokea, kwa sababu namba hiyo na saa yake ndivyo vinavyoiwezesha kampuni ya simu kumtambua mmoja kati ya mamia. Anayeifunga anwani ya Afrika Mashariki kwa mwaka mzima kwa kosa la usiku mmoja anawadhulumu watu ambao hawakuwahi kumkosea, na umaskini wetu wa anwani si hatia yetu.

Anwani mpya zipo. Kanuni zake zilitolewa kwanza mwaka 1995, na wingi wake unatosha kumpa kila mkazi wa Kagera, na kila simu yake, anwani isiyoshirikiwa na mtu. Mwaka 2022 serikali ilipita mitaani kwa Operesheni ya Anwani za Makazi, ikazipa nyumba namba na barabara majina. Makampuni ya simu hayahitaji kupanda vilima kuifanya kazi hiyo upande wao. Yahitaji kubadili mitambo, na wateja wana haki ya kuyauliza, kwa barua na kwa simu, kazi hiyo imefika wapi.