Uwazi wa Ardhi ya Kijiji na Kodi ya Majengo Tanzania

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Sheria mbili za mwaka 1999 ziliigawa katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji. Hili la tatu ndilo lenye mashamba na malisho ya wakulima na wafugaji wengi, na husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5.

Halmashauri hiyo, yenye wajumbe 15 hadi 25, haina mamlaka ya kumgawia mtu hata robo eka kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Mkutano mkuu ni wakazi wote waliotimiza miaka 18, na hutakiwa kuketi kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo halmashauri inapowajibika kueleza jinsi inavyoitunza ardhi na kusikiliza maoni ya wenye kijiji. Mtendaji wa kijiji naye hutunza daftari la ardhi, linaloonyesha nani amepewa nini.

Kwa hiyo uwazi wote unasimama juu ya karatasi moja: muhtasari wa mkutano. Ukiandikwa papo hapo na kusomwa mbele ya watu, kijiji kina ushahidi. Ukiandikwa wiki mbili baadaye mezani kwa mtendaji, kisha ukabandikwa orodha ya mahudhurio ya mkutano ulioitishwa kuzungumzia ujenzi wa choo cha shule, kijiji kitakuwa "kimeridhia" jambo ambalo hakikulisikia. Migogoro mingi ya mashamba hurudi kwenye swali hili: watu waliketi lini, na walikubali nini? Anayesaini mahudhurio bila kujua ajenda anaazima jina lake.

Ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishiwa ardhi ya jumla, labda kwa ajili ya mwekezaji, masharti huongezeka. Taarifa hutangazwa mahali ambapo wanakijiji wataiona. Eneo lisilozidi hekta 250 huamuliwa na mkutano mkuu wenyewe, kukubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri wa ardhi, baada ya mkutano kutoa mapendekezo yake. Na uhamisho haukamiliki mpaka fidia ikubaliwe: aina yake, kiasi chake, namna na wakati wa kuilipa.

Mpango wa matumizi ya ardhi, unaoongozwa na Sheria Na. 6 ya mwaka 2007, hutenga maeneo ya kilimo, malisho, makazi na misitu, nao hupitishwa na mkutano huohuo. Mpango mzuri ni ule ambao ramani yake imebandikwa ukutani pa ofisi ya kijiji, mfugaji na mkulima wakaonyeshana mpaka kwa kidole.

Mjini sura ni nyingine. Kodi ya majengo ilikuwa ikikusanywa na halmashauri za miji, ikahamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016. Tangu 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme kwa LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia: kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha 1,500 kuanzia 2023. Kiwango ni mfuto, hakitazami thamani ya nyumba. Njia hii imeondoa foleni na usumbufu, na hilo ni jema. Lakini mita mara nyingi imo mikononi mwa mpangaji, ilhali mdaiwa kisheria ni mwenye nyumba. Zaidi ya hapo, anayelipa kidogokidogo ndani ya tokeni huacha kuuliza fedha hiyo imejenga mtaro gani mtaani kwake. Kodi isiyoonekana ni vigumu kuidai hesabu.

Njia ya kudai ipo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi husika hutakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Ndugu msomaji, mkutano mkuu ujao wa kijiji chako usikupite. Uliza ajenda kabla ya kusaini, na usiondoke mpaka muhtasari usomwe.